Moto Ambao Hakuna Aliyetaka Kuuwasha

Mlio ulianza chini, ukapanda, na ukaendelea kupanda hata pale ulipotakiwa kushuka.

Ilikuwa tarehe 12 Aprili 1937, ndani ya kiwanda cha British Thomson-Houston mjini Rugby, Uingereza. Frank Whittle, ofisa wa Jeshi la Anga mwenye miaka 29, alisimama kando ya mtambo alioubuni mwenyewe: injini ya jeti. Mota ya umeme ilikuwa imeuzungusha hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Akafungua vali ya mafuta. Injini ikashika.

Kisha ikakataa kutii. Whittle alifunga vali, lakini mizunguko ikazidi kupanda mpaka ikafika kama 8,000, na chuma cha chemba ya moto kikaanza kuiva, chekundu kwa mabaka. Waliokuwepo wakatimua mbio. Yeye akabaki palepale.

Wengi hulisimulia tukio hili kama kisa cha ushujaa. Whittle mwenyewe alilieleza vingine kabisa: alibaki kwa sababu hofu ilimfunga miguu.

Maelezo hayo mafupi yamenikaa kichwani kwa wiki nyingi. Huyu ndiye mtu aliyeomba hataza ya injini hiyo, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, Januari 1930. Alikuwa na michoro, alikuwa na hesabu, na alikuwa ametoka kumaliza shahada ya uhandisi Cambridge kwa daraja la kwanza. Hata hivyo, siku ilipowaka, ilimshtua yeye sawasawa na ilivyowashtua mafundi waliokimbia.

Miaka 7 tangu hataza, na ndiyo kwanza moto ulikuwa umewashwa.

Hapo ndipo panaponisumbua.

## Hadithi tunayoipenda

Simulizi iliyozoeleka tunaijua: kijana mwenye kipaji, wakubwa wasioelewa, nafasi iliyopotea. Wizara ya Anga ilimkatalia Whittle. Laiti ingemsikiliza, Uingereza ingeingia vitani mwaka 1939 ikiwa na ndege za jeti tele. Ni hadithi tamu. Inatupa mtu wa kumpenda na mtu wa kumlaumu, na yeyote aliyewahi kupeleka wazo kwa mkubwa akarudishwa mikono mitupu anajiona ndani yake.

Lakini kila ninapomtazama aliyekaa upande wa pili wa meza, hadithi inalegea.

Upande wa pili alikuwa A. A. Griffith, mwanasayansi wa Wizara ya Anga, na Griffith hakuwa karani wa kugonga mihuri. Makala yake ya mwaka 1921 kuhusu jinsi ufa unavyokua ndani ya kioo ndiyo iliyoweka msingi wa elimu nzima ya kuvunjika kwa vitu. Mwaka 1926 alionyesha kwamba mapanga ya turbini, gurudumu linalozungushwa na gesi, yalikuwa yanachongwa vibaya, na kwamba yakipewa umbo la bawa la ndege, turbini ingeweza kuwa nyepesi na yenye ufanisi wa kutosha kurusha ndege. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika serikali ile aliyekuwa akiiwazia turbini angani usiku na mchana, alikuwa yeye.

Tofauti yao ni kwamba Griffith alitaka turbini izungushe pangaboi. Whittle alitaka kulitupa pangaboi kabisa na kuacha mkondo wa gesi ya moto uisukume ndege wenyewe.

Griffith alizipitia hesabu za kijana, akakuta kosa ndani yake, akaona kompresa aliyoichagua, yaani kifaa cha kubana hewa, ni kubwa mno na kwamba kusukuma ndege kwa gesi moja kwa moja ni kupoteza mafuta. Wizara nayo ikajibu kwamba hakuna metali inayoweza kuhimili joto na mkazo wa namna ile kwa pamoja.

Je, walikosea?

Nimelizungusha swali hili mara nyingi, na jibu halinifurahishi. Injini ya jeti hula sehemu kubwa ya nguvu yake yenyewe. Gesi ya moto inazungusha turbini, na kazi ya turbini ni kuendesha kompresa iliyoko mbele, ile inayobana hewa kabla haijaingia kwenye moto. Kinachosalia ndani ya gesi baada ya hapo ndicho kinachosukuma ndege. Kompresa ikiwa dhaifu na turbini ikiwa dhaifu, hakisalii kitu: unateketeza mafuta ili mtambo ujizungushe tu, na pengine hata hilo lisiwezekane. Mnorwei Ægidius Elling alijenga turbini ya gesi mwaka 1903, na ziada aliyoipata ilikuwa nguvu ya farasi 11.

Whittle alihitaji gurudumu la turbini lenye kipenyo kisichozidi inchi 17 litoe nguvu ya farasi 3,000. Alitaka kompresa ya hatua moja ibane hewa kwa uwiano wa 4 kwa 1, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelikaribia kwa kifaa cha aina hiyo.

Kwa vifaa vya mwaka 1930, hesabu zilikuwa upande wa Griffith. Naandika hivyo kwa uchungu, maana moyo wangu uko kwa Whittle.

## Paundi 5

Januari 1935 hataza ilitakiwa kulipiwa ili iendelee kuishi. Ada ilikuwa paundi 5. Wizara haikuwa tayari kuilipa. Whittle alikuwa mwanafunzi, ana mke na watoto wawili wadogo, naye hakuilipa. Hataza ikafa.

Paundi hizo 5 zinatajwa kila mahali, na naelewa kwa nini. Ni kiasi kinachouma kwa udogo wake. Hata hivyo naona zinatupoteza njia. Hataza ni karatasi, na hata ingelipiwa ingebaki karatasi. Tena yenyewe haikuwa siri: serikali haikuona haja ya kuificha, ikachapishwa, na msomaji yeyote wa nchi yoyote aliweza kuinunua na kuisoma.

Kilichobadilisha mambo ni barua iliyomfikia Whittle mwaka huohuo kutoka kwa Rolf Dudley-Williams, mwenzake wa zamani jeshini. Yeye na rafiki yake, James Tinling, walitafuta fedha. Benki moja ya uwekezaji ya London, O. T. Falk, ikakubali kujaribu. Na Machi 1936 kampuni ya Power Jets ikaundwa ikianza na paundi 2,000. Jeshi likamruhusu Whittle kuifanyia kazi kampuni hiyo saa 6 kwa wiki.

Saa 6.

Ndipo chuma kilipoanza kukatwa.

Kuna jambo lingine lililonigeuza mawazo zaidi ya paundi 5, nalo halisimuliwi sana. Wazo la Griffith nalo lililala. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifanya majaribio madogo ya kompresa yake, yenye safu za mapanga badala ya gurudumu moja kama ya Whittle, na matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Kamati ya wataalamu ikakaa, ikasema kazi iendelee. Haikuendelea. Ilisimama mpaka katikati ya miaka ya 1930, mhandisi Hayne Constant alipoifufua kule Farnborough, kituo cha serikali cha utafiti wa ndege.

Nilipoliona hilo, hadithi ya mjinga na mwerevu ilinivunjikia mkononi. Aliyekataliwa hakujenga. Aliyekataa naye hakujenga. Wote wawili waliachwa na karatasi zao, huku kila mmoja akiwa na swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu.

## Galoni 200 kwa saa

Swali lenyewe lilikuwa moto.

Whittle alihitaji kuchoma karibu galoni 200 za mafuta kwa saa ndani ya nafasi ya futi za ujazo kama 6, yaani nafasi isiyofika hata pipa moja la lita 200. Hakuna aliyewahi kuchoma mafuta kwa ukali huo. Alikwenda kwenye maonyesho ya viwanda vya Uingereza akapita banda kwa banda, akiwauliza watengenezaji wa vichomeo vya matanuri kama wangeweza. Alichokitaka kilizidi angalau mara 20 kile walichokizoea. Wengi walimwona hana akili timamu. Kampuni moja ya Uskochi, Laidlaw, Drew, ilisema itajaribu.

Nawapenda watu wa Laidlaw, Drew. Hawakusema wanaamini. Walisema watajaribu.

Ugumu wenyewe ni huu. Hewa inatoka kwenye kompresa kwa kasi inayoweza kuuzima moto wowote. Lazima ipunguzwe mwendo, lakini isipoteze mgandamizo uliogharimiwa. Sehemu ndogo ya hewa ichanganyike na mafuta kwa kipimo kinachowaka vizuri, kama hewa 15 kwa mafuta 1 kwa uzito. Hewa iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, iingie baadaye kuipoza gesi kabla haijagusa turbini, maana moto halisi una joto ambalo chuma chochote cha wakati ule kingelainika ndani yake. Na yote haya yafanyike katika urefu wa mkono, bila kukatika, bila upande mmoja kuwa moto kuliko mwingine.

Waliokulia kwenye jiko la pampu wataelewa haraka kuliko wahandisi. Bibi yangu alimimina spiriti kwenye kikombe kile kidogo, akaiwasha, akasubiri bomba lipate moto ndipo apampu. Mafuta ya taa yanapaswa kugeuka mvuke kabla hayajafika kwenye tundu. Ukiwa na haraka, jiko linatema ndimi za njano na masizi hadi darini. Chemba za Whittle kwa muda mrefu zilifuata kanuni hiyohiyo: mafuta yalipitishwa kwenye vibomba vilivyokaa ndani ya moto wenyewe ili yageuke mvuke. Zikaugua ugonjwa uleule. Masizi yakaziba vibomba, joto likavipinda, moto ukaegemea upande mmoja. Bibi alikuwa na sindano ya kuzibua. Injini inayozunguka mara 16,000 kwa dakika huwezi kuisogelea na sindano.

Na ile siku ya Rugby? Kilichotokea ni kwamba wakati wa kujaza mabomba, mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama chini ya chemba. Vali ilipofungwa, injini iliendelea kunywa dimbwi hilo mpaka lilipokauka. Tiba ilikuwa kuweka bomba dogo la kutolea mafuta yaliyotuama.

Bomba dogo tu. Halikuwemo kwenye hataza. Halikuwemo kwenye hesabu za Griffith wala kwenye barua ya wizara. Mtu asingelijua kwa kufikiri zaidi, hata angekuwa na akili kiasi gani, kwa sababu halikuwa swali la akili. Lilikuwa swali la kuwasha na kuona.

Kwa hiyo sidhani kwamba injini ya jeti ingeruka mwaka 1932 kama wizara ingesema ndiyo. Metali hazikuwepo, aloi ya nikeli na kromi iliyokuja kuokoa mapanga ya turbini, Nimonic 80, ilipatikana vita vikiwa vimeshaanza. Kilichopotea si ndege. Ni miaka 6 ya kuunguza chemba, ya masizi, ya mabomba yaliyopinda, ya kujua. Chemba moja juu ya meza ya chuma, feni ya kupulizia hewa, na mafundi wawili wenye subira: hiyo haikuhitaji mtu kuliamini wazo la Whittle. Ilihitaji mtu mwenye fungu dogo la fedha na hamu ya kujua kama Griffith alikuwa sahihi.

## Kijana wa Göttingen

Mjini Göttingen, Ujerumani, Hans von Ohain alikuwa na wazo linalofanana, na mwanzoni alijua machache kuliko Whittle. Alikuwa mwanafizikia. Fundi wa gereji aliyekuwa akimtengenezea gari, Max Hahn, ndiye aliyemjengea modeli ya kwanza. Haikujiendesha, moto ulikuwa unawaka hadi nje ya turbini, ndimi zinatoka nyuma.

Modeli iliyoshindwa. Lakini ilikuwepo, na iliwaka.

Mwaka 1936 Ernst Heinkel alimwajiri, akampa karakana. Hapo Ohain akafanya uamuzi ninaouheshimu sana: akaukwepa moto wa mafuta kwa muda. Alijua Heinkel hana subira, na alijua haidrojeni inawaka kirahisi karibu katika hali yoyote. Basi mwaka 1937 akawasha injini ya maonyesho kwa gesi ya haidrojeni, mwajiri akaona kitu kinanguruma, na Ohain akapata muda wa kupambana na mafuta ya kawaida pembeni. Tarehe 27 Agosti 1939, rubani Erich Warsitz aliirusha ndege yake, He 178, pale Rostock. Dunia ilikuwa imepata ndege yake ya kwanza ya jeti, siku chache kabla ya vita.

Whittle hakuwa na Heinkel. British Thomson-Houston (BTH), wenye kile kiwanda cha Rugby, wakiogopa turbini itapasuka, walimtaka atafute mahali pengine, akahamia kwenye kiwanda kilichoachwa cha kuyeyushia chuma, Ladywood, mjini Lutterworth. Mei 1938 turbini iliharibika vibaya. Injini ikajengwa tena, safari hii ikiwa na chemba 10 ndogo badala ya moja kubwa, na vipande vya zamani vikatumika tena kwa sababu fedha za vipya hazikuwepo.

## Dakika 20

Tarehe 30 Juni 1939 alifika Lutterworth Dkt. David Pye, mkurugenzi wa utafiti wa kisayansi wa Wizara ya Anga. Pye hakuwa mwumini. Injini ikawashwa mbele yake, ikakimbia dakika 20 kwa mizunguko 16,000.

Akaondoka akiwa mtu mwingine. Wizara ikainunua injini ile, ikairudisha kwa Power Jets iendelee na majaribio, ikaagiza injini ya kurukia, W.1, na ndege ya kuibeba.

Nimejaribu kuisoma siku hiyo bila hasira, nashindwa. Miaka 9 ya barua, ripoti, vikao na mashaka, ikayeyuka ndani ya dakika 20 za kusikia. Kilichombadilisha Pye hakikuwa hoja mpya. Wizara yenyewe, kwa kutotoa fedha, ndiyo iliyokuwa imejizuia kuusikia mlio huo mapema.

Ufumbuzi wa moto ulikuja kutoka nje, mwaka 1940. Isaac Lubbock wa maabara ya Shell alileta kichomeo kinachonyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa, matone laini kama ukungu, bila vile vibomba vya mvuke. Chemba ikatulia. Tarehe 15 Mei 1941, jioni, Gerry Sayer aliirusha Gloster E.28/39 kutoka Cranwell kwa dakika 17, ikitumia mafuta ya taa.

Whittle alilipia kusubiri huko kwa mwili wake. Alivuta sigara mfululizo, alitumia vidonge vya kumchangamsha mchana na vingine vya kumlaza usiku, alikonda, alilazwa zaidi ya mara moja kwa kuchoka akili. Aligombana na kampuni ya magari ya Rover waliopewa kazi ya kuiunda injini yake, mpaka Rolls-Royce walipoichukua kazi hiyo. Mwaka 1944 Power Jets ikataifishwa. Mwaka 1948 alipewa tuzo ya paundi 100,000, akawa Sir Frank. Nayapita haya haraka kwa sababu yameandikwa sana, na kwa sababu tuzo hazinijibu swali langu.

## Entebbe, 1952

Hadithi hii imegusa kwetu, na mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Safari ya kwanza ya kibiashara ya ndege ya abiria ya jeti duniani iliondoka London tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, kisha Entebbe, kisha Livingstone. Injini zake 4 za de Havilland Ghost zilikuwa za ukoo wa Whittle: kompresa ileile ya gurudumu moja, na chemba 10 zikiizunguka. Wazo lililoambiwa kwamba halina metali ya kulihimili lilitua kando ya Ziwa Victoria likiwa na abiria.

Ndege hiyohiyo ilianguka karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954. Injini hazikuwa na hatia. Mwili wa ndege ulipasuka kutokana na uchovu wa metali: ufa uliokua kidogo kidogo. Ufa, kitu ambacho Griffith alikuwa amekifikiria kwa kina tangu mwaka 1921.

Kisha mwaka 1960 East African Airways ikapokea Comet zake za modeli ya 4. Injini za hizo ni Rolls-Royce Avon, zenye kompresa ya safu nyingi za mapanga, aina aliyoipigania Griffith tangu miaka ya 1920. Usanifu wa awali wa Avon ulianza mikononi mwake mwenyewe baada ya kuhamia Rolls-Royce. Waliosafiri kati ya Nairobi na London miaka ile walibebwa na wazo la mtu tunayemkumbuka, kama tunamkumbuka, kwa kumkatalia Whittle. Lililala muda uleule na la mwenzake, likaamka, likashinda. Karibu kila ndege kubwa ya jeti inayotua leo Dar es Salaam au Entebbe inabana hewa kwa njia ya Griffith na kujisukuma kwa njia ya Whittle.

Bado sijaridhika. Vitabu nilivyosoma vinaniambia wabunifu walisema nini. Mafundi hawana sauti humo. Kama mzee wako alifanya kazi kwenye karakana za East African Airways pale Embakasi enzi za Comet, naomba umuulize kwa niaba yangu: walipoifungua Avon na kuichungulia chemba ya moto, waliangalia nini kwanza? Masizi yalikaa wapi? Waliamuaje kwamba hii bado inafaa kuruka na hii haifai? Niandikie hata kama jibu ni la mistari miwili. Na kama yupo tayari kuzungumza na upo Nairobi, nitakuja.